Hatua Tatu Mgongoni

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya nyumba hii yote, natangaza kuanguka kwa mgongo wa Mwalimu Kiema, mkuu wa michezo, mzee wa kanisa, baba wa watu wawili. Ajali ilitokea leo saa kumi na mbili unusu asubuhi, kando ya kitanda. Mgongo ulikuwa umeinama kuokota soksi. Soksi imepatikana salama. Mgongo umelazwa sebuleni juu ya godoro la wageni, na watu wanaombwa kuleta supu badala ya maua.

Muthoki alikuja mbio akifikiri ni nyoka. — Baba Kasiva, imekuuma wapi? Nikamwonyesha soksi. Alicheka mpaka leso ikafunguka. Halafu akakasirika, maana mke wangu huwa anafanya yote mawili kwa pumzi moja. Ati mtu gani hulala na soksi hapa Mbumbuni, mwezi wa pili, na jua lote hili? Mtu mzima miaka hamsini na nne!

Nikamwambia ni baridi.

Miaka kumi na tano namwambia ni baridi.

Jumatano, 12 Februari

Nimefika shuleni nikitembea kama mtu aliyemeza jembe. Form Two wakanyamaza kwa heshima, kisha mmoja nyuma akanong'ona: Soksi amevunjika. Hilo ndilo jina langu — Soksi. Wanafikiri sijui. Mwalimu anayevaa soksi na sandali uwanjani, kwenye vumbi, anataka aitwe nani?

Stafurumu ilikuwa mbaya zaidi. Deputi wetu, Nzioka, alisimama na kikombe cha chai kama anayetoa hotuba. — Waheshimiwa, tumeona maajabu. Mganga wa migongo ameshikwa na mgongo! Sasa wewe Kiema, nani atakukanyaga?

Wakacheka wote. Nikacheka pia, zaidi yao.

Ukweli ni kwamba nilizaliwa nikitanguliza miguu. Kwetu Ikutha mtoto kama huyo hazaliwi bure. Nyanya alinifundisha nikiwa na miaka saba: mgonjwa analala kifudifudi, hatazami nyuma, hakuna kusema neno. Hatua tatu mgongoni, peku peku, ya mwisho ni ya kisigino cha kushoto. Akiamka, amepona. Nilikanyaga wazee, nilikanyaga wachimba visima, nilikanyaga chifu mmoja mnene aliyeniambia nipande na kaka yangu. Hata baada ya chuo cha ualimu niliendelea. Watu walikuja.

Niliacha mwaka wa 2010. Husema ni kwa sababu ya wokovu. Kanisa lilifurahi sana.

Nzioka anasema kuna Msomali Emali anayetibu kwa sindano na kurudisha mifupa mahali pake. Alisomea Uchina. Nimesema nitafikiria. Nilipojaribu kukaa, nikaamua.

Jumamosi, 15 Februari

Nzioka alinipeleka na Probox yake, mimi nimelala nyuma kama mzigo wa maembe.

Kliniki iko nyuma ya duka la chakula cha mifugo la mzee Ugas. Unapita magunia, unapita mbuzi aliyefungwa, unakuta mlango wa kijani. Viatu vinabaki nje. Ndani ni safi kuliko jikoni ya Muthoki (hili asilisome). Pazia zito limegawa chumba. Upande huu Dokta Adan anatibu wanaume, upande ule dada yake, Ubah, anatibu wanawake. Mtu akipiga kelele upande mmoja, mwingine anasema pole.

Adan ni kijana wa miaka thelathini na kitu, amezaliwa hapo hapo Emali. Kikamba chake ni safi kuliko cha watoto wangu. Nilipoanza Kiswahili cha polepole cha kuongea na mgeni, alinijibu kwa Kikamba cha wazee mpaka nikaona haya.

Nilifikiri atanitoboa mara moja. Wapi! Maswali kwanza. Kumi na mawili, yameandikwa. Umewahi kuanguka? Umegongwa na gari? Umebeba mzigo gani? Mtu yeyote amewahi kukugusa mgongo? Nikamwambia, Dokta, mimi si kesi ya wizi. Akatabasamu. — Mfupa hausemi, Mwalimu. Mwenyewe ndiye husema. Nikirudisha mfupa bila kujua ulitokaje, ninaweza kumvunja mtu nikifikiri namsaidia.

Nikaanza kuvua shati kabla hajaniambia.

Sindano zenyewe ni kama mbu aliyesoma: anauma kwa adabu. Halafu unasikia uzito, joto, mwili unaachilia. Alitaka kuweka nyingine miguuni. — Vua soksi, Mwalimu. Nikamwambia atoboe kupitia soksi. Alifikiri natania, akacheka, akanichoma mikononi badala yake.

Amenipa daftari la kuandika maumivu kila siku, sifuri mpaka kumi. Hilo ni lake. Hili ni langu.

Maumivu: kutoka nane hadi tano. Nimekula chapati tatu.

Jumamosi, 22 Februari

Leo hakuniachia. Alisema mshipa wa mgongo unaishia kando ya kidole kidogo cha mguu, na asipofika pale ni kama kufukuza ng'ombe mpaka nusu ya njia. Basi nikavua.

Nimelala kifudifudi, uso ndani ya lile tundu la kitanda, naona sakafu tu. Sindano moja kifundoni. Moja kando ya kidole. Moja karibu na kisigino cha kushoto.

Na hapo nikausikia tena ule mlio.

Si sauti ya masikioni. Ni ya chini ya mguu. Kama kukanyaga bua la mahindi lililokauka: kwanza linakataa, halafu linakubali. Na joto la ngozi ya mtu. Na leso, mikunjo yake. Nilikuwa nimelala kitandani Emali, miguu yangu hewani, haijagusa kitu — na kulikuwa na mtu chini yake!

Niliruka. Sindano kumi na moja mwilini, nikasimama katikati ya chumba kama nungunungu. Upande wa pili Ubah akasema pole.

Adan alinikalisha, akatoa sindano moja moja. Akauliza nimesikia nini. Nikasema mkakamao wa misuli. Hakubishana. Akasema tu kwamba anaona migongo ya mafundi na ya madereva, na anaijua. Wangu haumi kama mgongo wa kazi. — Unajikaza hata ukilala, Mwalimu. Kama mtu ambaye anangoja kuitwa.

Nimefika nyumbani, nimevaa jozi mbili.

Maumivu: nne. Kwa daftari lake.

Jumanne, 25 Februari

Katunge, wa Form Three, ndiye mkimbiaji bora niliyempata tangu nije Makueni. Meta elfu tano. Anakimbia kama anayedai kitu. Alishinda zoni, mashindano ya kaunti ni tarehe kumi na nne, na leo alikuja ameshika kiuno.

— Mwalimu, hii mgongo imekataa. Imekwama tu. Na mimi siwezi miss kaunti, wallahi, afadhali nikufe.

Nikamwambia wallahi si ya Wakristo. Akasema ameitoa kwa TikTok.

Jioni mama yake alikuja na jogoo chini ya kwapa. Mama anayejiheshimu, mwanakwaya mwenzake Muthoki. Amesikia kutoka kwa nani sijui kwamba nilizaliwa kwa miguu. — Mwalimu, tunajua umeokoka. Lakini hata Mungu ndiye alikugeuza tumboni. Kanyaga huyu mtoto mara tatu tu, akimbie.

Alikuwa amekuja na leso. Akaitandika nyuma ya stoo ya michezo, akainyoosha mikunjo vizuri kwa kiganja. Katunge akalala bila kuambiwa, akaweka uso mikononi. Hakutazama nyuma. Sijui nani aliwafundisha, lakini walijua kila kitu.

Nikavua sandali.

Nikashika ukingo wa soksi ya kushoto. Na mgongo wa yule msichana ukageuka ukawa mgongo mwingine — mrefu zaidi, na alama ndogo ya moto karibu na bega. Nilifumba macho, nikafumbua. Alama ilikuwa bado iko. Katunge hana alama kama hiyo.

Nilimwambia mama yake nimezeeka, nina uzito. Ajaribu Ubah kule Emali, nitawapeleka mwenyewe. Aliondoka na jogoo wake, hakuniaga sawasawa. Katunge ndiye aliyeuliza, akijifuta vumbi: Mwalimu, mbona unalia?

Nikasema ni vumbi. Nina jibu la kila kitu, mimi.

Jumamosi, 1 Machi

Nataka kuandika hii polepole.

Tulikuwa tumefika na Katunge na mama yake. Ubah aliwaingiza upande wake. Mimi nikabaki kwenye benchi la nje na mbuzi wa mzee Ugas. Pikipiki ikasimama. Akashuka mwanamke na fimbo, mguu wa kulia ukivuta mstari mchangani. Nilimjua kwa huo mstari kabla ya kumjua kwa uso.

— Ai! Mwalimu! Mwalimu wangu!

Kalunde. Alikuwa mwanafunzi wangu Ikutha, miaka kumi na saba. Sasa thelathini na mbili, anafanya kazi ya kuchambua mbegu kule kituo cha utafiti Kiboko. Amenenepa kidogo usoni, anacheka vile vile. Alinishika mikono yote miwili, akaacha fimbo ianguke. Nikaiokota, na mgongo wangu hata haukulalamika, ulijua si zamu yake.

Alinitambulisha kwa kila mtu. Kwa Adan. Kwa Ubah. Kwa mama yake Katunge, ambaye sasa aliniangalia upya. — Huyu ndiye alinibeba! Kutoka uwanja wa Ikutha mpaka zahanati, kwa mgongo wake, akikimbia! Bila huyu ningekufa.

Adan alinitazama. — Kumbe. Ndiyo mgongo huo.

Watu wote wakasema ooh.

Halafu Kalunde akaingia upande wa pili wa pazia, na mimi upande wangu, na sindano zikiwa zimeniingia sikuweza kukimbia. Nilisikia yote. Ubah alimuuliza maswali yale kumi na mawili. Umewahi kuanguka vibaya? — Nilianguka nikikimbia, lakini ni baada ya miguu kufa. Umegongwa na gari? — Hapana. Mzigo? — Hapana. Kuna mtu alikugusa mgongo, akakunyoosha?

— Hapana.

Hapana! Alisema hapana, na hakudanganya. Kukanyagwa na mtu aliyezaliwa kwa miguu si kuguswa. Ni dawa. Ukimuuliza mtu kama kuna aliyemdhuru, hawezi kukutajia aliyemponya.

— Basi unafikiri ni nini? Ubah akauliza.

— Si kufikiri, dada. Ni uji. Kuna mama wa kwetu alinipea uji asubuhi ile. Mbinya. Hata kabla ya kuanza mbio vidole vya miguu vilikuwa vimelala. Uji ulikuwa ushaanza kazi.

Ubah akasema, kwa upole, uji hauwezi. Kalunde akacheka kicheko cha mtu anayemwonea mgeni huruma.

Maumivu: sikuandika.

Jumatatu, 3 Machi

Mbinya. Siwezi kuandika kitu kingine, basi niandike huyu.

Mjane, jirani wa kina Kalunde, hakuwa na mtoto. Alimpenda yule msichana. Kila siku ya mbio alimletea uji wa mtama kwenye kibuyu, akakaa chini kando ya njia, akapiga kigelegele akipita. Hiyo ndiyo hatia yake yote.

Wiki mbili baada ya ajali ukoo ulikaa kumshtaki kwamba alimroga mtoto kwa ule uji. Mbinya akasema ataapa. Akaomba aletewe kithitu — kile kiapo chetu, ambacho ukikila kwa uongo kinakumaliza wewe na watu wako. Alisema mbele ya wote: nitakula mimi, na kila mtu aliyemgusa huyu mtoto siku ile ale pia. Kila mtu!

Wakanigeukia. Mimi ndiye nilikuwa naye mchana kutwa.

Nikasimama nikasema mimi ni Mkristo, siapi.

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mchungaji alinipa mkono. Na kwa kuwa mwalimu amekataa, kiapo kikaonekana cha aibu, kikaachwa. Mbinya akabaki bila hata mahali pa kuapia. Tangu siku hiyo hachoti maji na wenzake, hazikwi mtu akaitwa, mtoto akipita kwake anafunikwa uso. Mwaka uliofuata mimi nikaomba uhamisho kuja huku. Mwaka uliofuata tena nikachaguliwa mzee wa kanisa. Walitaja ule msimamo wangu.

Muthoki anauliza naandika nini kirefu hivyo. Nimesema skimu za kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Adan anafunga Ramadhani. Midomo imekauka, mikono bado imetulia. Mimi niliyekunywa chai mara mbili ndiye nimeomba maji.

Kabla ya sindano alinionyesha picha ya eksirei. Kalunde amepigwa wiki hii, na amemruhusu Adan aniulize, kwa sababu mimi nilikuwepo siku ile. Akaiweka dirishani. Mifupa ya mgongo kama vikombe vimepangwa — na kimoja kimebonyea upande, kuna ufa wa zamani umepona vibaya.

Akaniambia hivi. Kuna hospitali ilimpa dawa za TB ya mfupa miezi tisa, kwa sababu mfupa umebonyea na yeye anasema hakuna kilichomwangukia. Hakupona, maana hakuwa na TB. Sasa wanataka kumwanzishia tena. Ubah anaogopa kumgusa. Kama ni ugonjwa, kumnyoosha ni hatari. Kama ni pigo, kuna daktari wa upasuaji Nairobi anaweza kuangalia mshipa uliobanwa, pengine aokoe kitu.

— Mwalimu, mtu akianguka mbele akikimbia havunjiki hapa. Hapa ni kitu kilitoka juu. Kizito. Wewe ulimwona. Ni nini?

Mbuzi alikuwa analia nje. Nakumbuka hilo.

Nikasema: alianguka. Kulikuwa na jiwe.

Akashusha picha dirishani, akaitia kwenye bahasha. — Sawa, Mwalimu. Vua soksi.

Wakati wa kutoka Kalunde alikuwa kwenye benchi. Ana furaha. Ndugu zake wawili wamenunua pikapu. Jumamosi ijayo watampitisha hapa kwa Ubah, kisha waendelee Ikutha. Wanataka Mbinya atoke ile boma kabla ya mvua, wapande mahindi pale. Wameshaongea na vijana wa huko. Paa ni la mabati, kuling'oa hakutachukua saa moja. — Labda akienda mbali, mwalimu, mguu utafunguka.

Nilimuuliza Mbinya ana miaka mingapi sasa. Akafikiri. — Themanini? Hata hasikii vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Katunge hatakimbia Ijumaa. Ubah alisema wiki tatu za kupumzika, sindano mara mbili kwa wiki, mazoezi ya kunyoosha paja, na mtu asimguse uti wa mgongo. Msichana ameninunia. Alipita mbele ya stafurumu akasema kwa sauti ya kutosha: wengine huogopa watu washinde.

Nilimwita. Nikamwambia utakimbia mwaka ujao, na mwaka ujao utakuwa na miguu. Akauliza kama hiyo ni ahadi. Nikasema ni kitu ninachokijua. Akaniangalia, akaacha kununa kwa nusu dakika hivi.

Muthoki alinikuta nje nikiosha miguu mchana, kwenye karai, na sabuni ya nguo. Kisigino cha kushoto nimekisugua na jiwe mpaka kimetoa damu. Hakucheka safari hii. Akachuchumaa, akakishika. — Baba Kasiva. Ni miaka mingapi sijaona huu mguu?

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamepangana pale, kama wanafunzi paredi. Akaja jirani kuomba kibiriti.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwenye benchi la Emali. Nimekuja mapema, niko peke yangu; Nzioka aliyenileta nimemwambia aende sokoni. Mbuzi ameshauzwa. Imebaki kamba.

Niandike ilivyokuwa, mara moja, bila mzaha, halafu nione kama mkono unaweza.

Ilikuwa Jumamosi, Julai 2010, uwanja wa shule Ikutha. Kulikuwa na watu wawili wa kambi ya riadha waliokuja kuchagua wasichana. Mimi ndiye niliwaita. Niliwaandikia barua tatu. Niliwaambia nina msichana ambaye hawajaona mwenzake, na katika moyo wangu nilikuwa nimeshajiona nimesimama kando yake uwanja wa ndege.

Asubuhi Kalunde akasema mgongo umekaza. Kidogo tu. Kama ningemwacha, ungefunguka kwa mazoezi, au angekimbia vibaya, au hangekimbia. Nikampeleka nyuma ya darasa la nane. Akatandika leso, akalala, ile alama yake ya moto karibu na bega ikionekana. Nilikuwa na kilo themanini na sita. Nyanya alinifundisha nikiwa na miaka saba, nikiwa mwepesi kama kuku, na hakuna siku mtu aliniambia mtoto hukua. Watu waliendelea kulala chini na mimi niliendelea kupanda.

Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu nilitia nguvu. Nilitia kusudi, kwa sababu nilisikia watu wa kambi wakifunga mlango wa gari, na nilikuwa na haraka.

Kisigino kilisikia. Mimi nilisikia. Yeye alitoa sauti moja ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba, akanyamaza, maana mgonjwa hasemi.

Akaamka. Akasema asante. Tukatembea hadi mstari, na hapo Mbinya alikuwa na kibuyu chake, akampa uji, akanywa. Kisha Kalunde akaniambia, hili ndilo sijawahi kuliandika: Mwalimu, vidole vya miguu vimelala. Na mimi nilijua. Sikushuku, nilijua. Nilikuwa bado nina lile bua chini ya mguu. Nikamwambia: vitaamka ukikimbia.

Raundi ya pili, karibu na mkonge, miguu ikamwacha. Nilimbeba, ndiyo. Nilikimbia, ndiyo. Njia nzima alikuwa analia akisema ni ule uji, mwalimu, ni uji. Na mimi nilikuwa na pumzi. Ningeweza kusema. Nikasema: nyamaza, usichoke.

Zahanati wakauliza kimetokea nini. Nikasema ameanguka. Usiku huo nilivaa soksi.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna jiwe.

Wamefika. Pikapu ya bluu, ndugu wawili mbele, nyuma kuna mtaimbo na ngazi. Wamenisalimia vizuri sana. Mdogo aliniletea soda. Wanangoja wakiwa ndani ya gari, injini inanguruma, ati dada asichelewe.

Kalunde ameacha viatu vyake mlangoni kando ya vyangu. Cha kulia kimelika upande mmoja tu, upande wa ndani, mpaka kitambaa.

Nimevua soksi. Ziko mfukoni. Niko kwenye kiti cha ndani sasa, upande wa wanaume, Adan ananawa mikono. Saruji ni baridi. Kumbe kweli kuna baridi.

Pazia halifiki sakafuni. Kalunde alipokuwa analala kitandani ameona miguu yangu chini yake, mitupu, na amecheka kwa sauti, kicheko chake cha uwanjani:

— Ai Mwalimu! Umevua kabisa! Leo umekuja kunikanyaga tena?

Maji ya Adan yameacha kutiririka.

Ubah ameuliza: Kukanyaga? Nani alikukanyaga?

Gari linanguruma. Adan amesimama na mikono iliyolowa, haniangalii, anangoja. Ubah ameuliza tena, polepole, na safari hii si Kalunde anayemuuliza, ni mimi.

Mkono wa Ubah uko kwenye pazia.